Acha Kumsingizia Jirani: Zabibu Zako Ndizo Zinazoua Mbwa Wako

Leo sitazungumzia chanjo ya kideri wala samadi. Leo nimekuja kugombana na wewe kidogo, kwa nia njema.

Kila msimu wa kuvuna zabibu hapa Dodoma napigiwa simu ile ile. "Bwana mifugo, mbwa wangu amelishwa sumu." Nikiuliza nani kamlisha, jibu liko tayari, ni jirani. Nikiuliza sababu, nayo ipo: mpaka wa shamba, deni la zamani, au mbuzi aliyeingia kwenye mtama wa mtu. Lakini nikiuliza mbwa alikula nini jana, kimya. Hakuna anayejua. Nikizunguka nyuma ya nyumba nakuta rundo la makapi ya zabibu, mbichi kabisa, na nyayo za mbwa zimejaa kulizunguka.

Nasema wazi ili tusizunguke. Zabibu ni sumu kwa mbwa. Iwe ya kijani au nyekundu, yenye mbegu au isiyo na mbegu, iliyotoka mtini au iliyokaushwa, au makapi yaliyobaki baada ya kukamua. Inaharibu figo, na figo zikishasimama mbwa huyo humpati tena. Tumekuwa tukizika mbwa na kuvunja ujirani wakati muuaji tunaye wenyewe kwenye ndoo.

Kisa kilichonifanya niandike

Msimu mmoja niliitwa kijiji fulani na mzee mwenye nusu ekari ya zabibu. Mbwa wake wa kulinda shamba alikuwa amelala chini ya mti siku ya pili, hali chakula, hanyanyuki. Nilipomfungua mdomo, pumzi yake ilinuka kama mkojo. Nikauliza amekojoa lini mara ya mwisho. Mzee akasema tangu jana hajamwona akikojoa. Pembeni palikuwa na matapishi yaliyokauka, na ndani yake maganda ya zabibu yanaonekana kwa macho.

Kabla hata sijafika, mzee alikuwa ameshakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kumshtaki jirani yake. Kikao kilikuwa kimepangwa. Mke wa jirani alikuwa haitikiwi salamu kisimani. Watoto wa nyumba mbili waliokuwa wakienda shule pamoja walikuwa wameambiwa waache.

Aliyetoa jibu ni mjukuu wa miaka kama minane. Alisema, "Babu, si alikula zile za kwenye ndoo, ulizosema tumwachie?" Nyumba ile ilikuwa imekamua zabibu zilizokosa mnunuzi, makapi wakamwekea mbwa ili yasipotee bure.

Mbwa alikufa siku ya tatu. Kikao kikageuka cha kuombana radhi, na mzee alikwenda mwenyewe kwa jirani yake. Namheshimu kwa hilo, maana wengi huwa hawaendi.

Na mimi nina deni. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliona mbwa kadhaa wa namna hiyo, na kila mara nikaandika kwenye daftari "sumu ya dawa za shamba", kwa sababu wakulima wa zabibu wanapulizia dawa za ubwiriunga na nilidhani mbwa amelamba dawa. Sikuuliza amekula nini. Chuoni sikufundishwa jambo hili, lakini hicho si kisingizio, kwa sababu kuuliza swali hakuhitaji diploma. Kwa kuandika vile niliwapa watu ushahidi wa kugombana.

Jambo hili si uvumi

Mwaka 2001 madaktari wa kituo cha ushauri wa sumu za wanyama cha shirika la ASPCA la Marekani waliandika katika jarida la madaktari wa mifugo wa nchi hiyo kuhusu mbwa walioharibika figo baada ya kula zabibu. Mwaka 2005 ikatoka tathmini ya mbwa 43 waliopata ugonjwa wa figo kwa sababu hiyo. Waliopona walikuwa 23. Hao walikuwa na hospitali, dripu na vipimo vya damu, na bado karibu nusu walikufa. Sasa jiulize mbwa wako wa kijijini, asiye na dripu, ana nafasi gani.

Kwa muda mrefu kilichokuwa kinaua ndani ya zabibu hakikujulikana. Mwaka 2021 madaktari wa kituo kile kile walitoa hoja kwamba ni asidi ya tatariki, ile inayochangia uchachu wa zabibu, pamoja na chumvi yake. Fununu waliipata kwa mbwa aliyekula unga wa kuchezea watoto uliotengenezwa nyumbani na kutiwa krimu ya tata, unga mchachu wa kuokea ambao asili yake ni masalia ya kutengeneza mvinyo. Mbwa huyo hakula zabibu hata moja, lakini dalili zilikuwa zile zile.

Figo ya binadamu huweza kuitoa asidi hii. Maelezo yanayotolewa kuhusu mbwa ni kwamba figo yake huiingiza ndani ya chembe zake lakini haina uwezo wa kutosha wa kuitoa, hivyo inajikusanya na kuua chembe hizo. Ndiyo maana mtoto wako anakula kichala kizima na kwenda kucheza, na mbwa anakula kiasi hicho hicho na kufa.

Hapa watu wa Dodoma na mikoa jirani tusikilizane vizuri. Ukwaju nao umejaa asidi hiyo hiyo, na mbwa waliokula ukwaju wameripotiwa kuharibika figo. Wewe unayeuza juisi ya ukwaju stendi na kumwaga makapi yake nyuma ya kibanda, jambo hili linakuhusu pia.

Kiasi gani kinaua?

Swali hili napenda uliulize, lakini jibu lake hutalipenda. Hakuna kiasi ninachoweza kukuambia ni salama. Asidi hutofautiana kati ya aina na aina, kati ya zabibu changa na iliyoiva, kati ya shamba na shamba. Mbwa nao hutofautiana.

Ninachoweza kukupa ni viwango vya chini vilivyorekodiwa kwa mbwa walioharibika figo: gramu 19.6 za zabibu za kawaida kwa kila kilo moja ya uzito wa mbwa, na gramu 2.8 tu kwa zabibu kavu. Kavu ni hatari zaidi kwa sababu maji yametoka na asidi imebaki.

Tupige hesabu. Mbwa wetu wa kijijini wa kilo 15:

- Zabibu za kawaida: 19.6 mara 15 ni gramu 294. Hiyo ni robo kilo na kidogo. Wakati wa kuvuna, zinazoanguka chini ya mistari michache tu zinazidi hapo.
- Zabibu kavu: 2.8 mara 15 ni gramu 42. Hicho ni kiganja kimoja cha mtu mzima.

Kwa mtoto wa mbwa wa kilo 3, zabibu kavu gramu 8 na nusu zinatosha. Mtoto wako anaweza kumpa hizo kwa mapenzi tu, huku wewe unamwangalia na kucheka.

Visingizio ninavyovisikia kila siku

*"Mbwa wangu amekula zabibu miaka yote na hajafa."* Nakubali, wapo wa namna hiyo. Wapo pia watu wanaopanda pikipiki bila kofia miaka kumi. Kupona jana hakukupi hati ya kupona leo. Tena figo ni kiungo kisicholalamika mapema. Vipimo vya kawaida vya damu huanza kuonyesha tatizo pale ambapo karibu robo tatu ya uwezo wa figo umekwisha. Mbwa unayemwona mzima anaweza kuwa ameshapoteza sehemu ya figo msimu uliopita, na anasubiri msimu huu umalizie.

*"Mbuzi na ng'ombe wanakula makapi, mbona hawafi?"* Mbuzi ana tumbo la kucheua, na ng'ombe vilevile. Makapi ya zabibu huweza kutumika kama sehemu ndogo ya chakula chao yakichanganywa na malisho mengine. Mbwa hacheui. Usipime mbwa kwa tumbo la mbuzi.

*"Mbwa ni mbwa tu, nitachukua mwingine."* Kauli hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, na inatoka kwa watu wenye akili zao. Mbwa huyo ndiye anayelala shambani wakati wewe umelala kitandani. Anafukuza ngedere, anafukuza wezi wa usiku wiki ile zabibu zimeiva na mnunuzi hajafika. Na kuna hesabu nyingine. Ili kichaa cha mbwa kisisambae, lengo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo. Mbwa wako aliyechanjwa akifa kwa uzembe, unachukua mtoto wa mbwa asiyechanjwa. Ukifanya hivyo wewe, akafanya hivyo na mwenzako, tumefungua mlango wa ugonjwa unaoua watoto wetu. Pia ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mnyama unayemmiliki una wajibu kwake.

*"Basi hakuna watu wanaolisha mbwa sumu?"* Wapo. Sijasema hawapo. Nasema chunguza kwanza, mtaje mtu baadaye. Na kuchunguza kunawezekana, kama ifuatavyo.

Tofautisha kabla hujatuhumu

1. Sumu za wadudu za kundi linalotumika sana mashambani mara nyingi humpiga mbwa haraka, ndani ya dakika au saa chache. Hutoa mate mengi, hutetemeka, hupata degedege.
2. Sumu nyingi za panya humfanya avuje damu puani, kwenye fizi au kwenye kinyesi, siku chache baada ya kula.
3. Zabibu na ukwaju huanza na kutapika, mara nyingi ndani ya siku ya kwanza. Hufuata kuharisha, kulegea, kukataa chakula, kuumwa tumbo, kiu. Kisha, kati ya siku ya kwanza na ya tatu, mkojo hupungua au hukatika kabisa. Angalia matapishi na kinyesi, maganda na mbegu hubaki humo.
4. Homa ya mgunda nayo hushambulia figo za mbwa, na hii huambukiza binadamu kupitia mkojo. Kwa hiyo mbwa yeyote mwenye dalili za figo usimshike wala kusafisha mkojo wake mikono mitupu. Vaa glavu, au hata mifuko ya nailoni mikononi.

Dalili pekee hazitoshi kuapia mahakamani. Lakini zinatosha kukufanya uchungulie ndoo yako kabla ya kwenda kwa mwenyekiti.

Mbwa ameshakula, fanya hivi

Usisubiri atapike. Ukimwona anakula, au ukikuta ndoo imepinduliwa, saa chache za mwanzo ndizo zenye faida.

1. Mwondoe hapo na umfungie asirudi.
2. Kadiria amekula kiasi gani na saa ngapi. Kama ametapika, weka sampuli kwenye mfuko.
3. Piga simu kwa afisa mifugo au daktari wa mifugo wa karibu saa hiyo hiyo, hata kama mbwa anatikisa mkia.
4. Kumtapisha ni kazi ya mtaalamu. Usimnyweshe chumvi, kwa sababu chumvi nyingi nayo inaua mbwa. Usimnyweshe maziwa, mafuta ya kula, mafuta ya taa, maji ya sabuni wala mayai mabichi. Havitoi sumu hii, na vikiingia kwenye mapafu umeongeza ugonjwa wa pili. Mbwa aliyelegea au mwenye degedege usimtie kitu chochote mdomoni.
5. Usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala dawa nyingine ya maumivu ya watu. Dawa hizo zinaumiza figo zilizokwisha kuumia.
6. Akija mtu na bomba la sindano kabla hajauliza mbwa amekula nini, msimamishe. Sindano ya OTC haitoi zabibu tumboni. Jentamaisini yenyewe ina madhara kwenye figo. Tunachoma sindano kwa mazoea, na nasema "tunachoma" kwa sababu na mimi nimo.
7. Kama unaweza kumfikisha penye dripu, mfikishe. Matibabu yenyewe ni kumtapisha mapema, mkaa maalumu wa hospitali, na dripu kwa siku mbili au zaidi huku figo zikipimwa. Mbwa anayeendelea kukojoa ana matumaini. Aliyekatika mkojo ana nafasi ndogo sana.

Najua unachowaza: dripu siku mbili kwa mbwa, hela iko wapi? Nakuelewa. Ninakaa kijijini kama wewe. Ndiyo maana nimekuja kugombana nawe leo, kabla ya ugonjwa. Kinga ya jambo hili ni jembe na nusu saa ya kazi.

Kinga

- Makapi yote yaende shimoni siku hiyo hiyo. Chimba shimo la kufika kiunoni, mwaga, fukia kwa udongo. Ukitaka mboji, zungushia miba au wavu mbwa asiingie.
- Zilizoanguka chini ya mistari ziokotwe jioni kabla mbwa hajafunguliwa.
- Mbwa ale kabla ya kwenda zamu. Wengi wetu tunampeleka shambani na njaa "ili awe mkali". Mbwa mwenye njaa hula chochote, na kilicho mbele yake ni zabibu. Ugali na dagaa kidogo vinalinda zabibu zako na figo zake.
- Kama umemfunga, mfunge mbali na mistari na mbali na sehemu ya kukamulia.
- Waambie watoto wazi: zabibu hatumpi mbwa, hata moja. Mtoto akielewa hilo atamlinda kuliko wewe.
- Madebe na mapipa ya mvinyo wa nyumbani, masalia yanayoganda chini yasimwagwe uani. Hayo yana asidi ile ile, tena na pombe juu yake.

Wewe mfanyabiashara

Duka la kijijini lina mbwa wa mlinzi, na mara nyingi mbwa huyo analala stoo. Zabibu kavu zilizoingia unyevu na kukosa soko zisitupwe mlangoni. Maandazi na keki zenye zabibu kavu zilizolala zisiwe chakula cha mbwa. Panya wakitoboa mfuko, zoa zilizomwagika usiku huo huo. Muuza ukwaju, makapi na maganda kwenye ndoo yenye mfuniko, kisha shimoni. Na mnunuzi wa zabibu unayepakia kreti barabarani, usiache zilizopondeka pale ulipopakia. Ukishaondoka, mbwa wa kijiji kizima wanakuja.

Ninawaomba na viongozi wa vitongoji jambo moja. Msimu huu, mtu akija na shauri la mbwa kulishwa sumu, swali la kwanza lisiwe "Unamshuku nani?" Liwe "Siku mbili zilizopita alikula nini, na nyuma ya nyumba yako kuna nini?" Mkiuliza hivyo mtapunguza mashauri, na jirani asiye na kosa hataamka asubuhi akiitwa muuaji.

Na kama wewe unayesoma una jirani uliyemtuhumu msimu uliopita, na leo umekumbuka ile ndoo, unajua la kufanya. Nyumba yake si mbali.

Ukiwa na swali niandikie hapa chini au nipigie, hata usiku. Kwa jambo hili heri uniamshe bure kuliko kunipigia kesho kutwa. Mwonyeshe na mwenzako mwenye shamba la zabibu makala hii. Tukutane makala ijayo.